SHEFU, ULIKWENDA KUONA?

Ndugu wafanyakazi, na ninyi mama mnaowangoja waume wenu nyumbani, leo ukurasa wa usalama na afya unasema kwanza na mashefu. Lakini msigeuze ukurasa mkifikiri kama maneno haya si yenu. Neno la shefu linaangukia mkono wa mfanyakazi, na mkono wa mfanyakazi ndio unaoleta unga wa bukari nyumbani.

Kila mwaka, tarehe 28 Aprili, ulimwengu wote unafanya sikukuu ya usalama na afya kazini. Shirika la Kazi la Ulimwengu liliiweka siku hiyo mwaka 2003. Siku zile tunaona mabango mapya kwenye mlango wa kiwanda, na mashefu wanapata karatasi za ukumbusho kutoka kwa wakubwa. Karatasi zinasema: Shefu, kumbuka kuzungumza na ekipi yako mbele ya kuanza kazi. Kumbuka kutuma watu kwa munganga. Kumbuka mkutano wa komite ya usalama. Kumbuka kuandika kila ajali. Shefu anasoma, anatia sahihi, anampitishia mwenzake. Kiisha karatasi inaingia ndani ya kabati.

Mimi nilitia sahihi karatasi hizo kwa miaka mingi. Leo nimepumzika kazi, na ninapenda kuwaambia mawazo yangu bila kuficha. Ukumbusho wenye sahihi lakini bila kwenda kuona ni hatari kuliko kukosa ukumbusho. Sababu mtu asiye na karatasi anajua kama hana ulinzi, basi anaangalia. Lakini mtu mwenye karatasi iliyotiwa sahihi anaamini, na anaingiza mkono.

JINA LANGU NDANI YA KAYE

Nitawaeleza namna nilivyofundishwa jambo hilo.

Nilikuwa shefu wa ekipi kwenye konvoyeri, ule mkanda mrefu unaobeba mawe kwenda kusagwa. Ilikuwa posti ya usiku, mwezi wa mvua. Matope yalishika kwenye rulo moja, mkanda ukaanza kwenda upande. Fundi mmoja wa ekipi yangu, mtu wa kazi safi, aliomba mashini isimame apate kutoa matope.

Amri tuliijua wote. Kwanza kusimamisha mashini. Pili kukata umeme. Tatu kufunga kisanduku cha umeme kwa kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwa yule anayeingiza mkono, si kwa mtu mwingine. Nne kutundika kibao: USIWASHE, MTU ANATUMIKA. Tano, shefu anakwenda mwenyewe kuona kufuli na kibao, anajaribu kuwasha ili aone kama mashini haiamki. Ndipo anaandika ndani ya kaye na kutia sahihi.

Usiku ule nilikuwa ofisini, nikiandika hesabu ya tani. Mvua ilikuwa kali. Nilimuuliza kijana wa umeme kwa mdomo tu: «Umefunga?» Akajibu: «Nimezima, shefu.» Kuzima si kufunga, na mimi nilijua tofauti yake. Hata hivi nilivuta kaye, nikaandika saa, nikatia sahihi. Fundi aliiona sahihi yangu, akashuka kazini.

Kufuli lilikuwa bado juu ya msumari wake. Mtu wa kabini ya juu aliona mkanda umesimama. Wakati wa mvua mkanda ule ulizoea kusimama wenyewe, basi alifikiri ni vile vile kama siku zote, akabonyeza.

Sitaeleza yote. Mwenzetu hakufa. Hospitalini walimkata mkono wa kuume, juu ya kiwiko.

Kesho yake nilikwenda kumwona. Mke wake alikuwa amesimama mlangoni, mtoto mgongoni. Nilingoja anitukane. Hakunitukana. Alisema: «Papa shefu, wanasema ndani ya kaye kuna jina lako. Ulikwenda kuona?»

Nikajibu: «Hapana, mama.»

Hakusema neno lingine, alirudi ndani kwa mume wake.

Wakati wa uchunguzi, kaye ilionekana safi kabisa. Saa iko, jina liko, sahihi iko. Watu wengine walikwisha kuanza kusema kama kosa ni la fundi: kwa nini aliingiza mkono? Ndipo nilisema kama mimi sikwenda kuona. Nilipewa adhabu, na ilikuwa haki. Lakini adhabu haikurudisha mkono. Tangu siku ile, kila nilipoona karatasi safi, nilijiuliza swali la mama yule.

MAMBO YALIYOPITA KWA WENGINE

Mtu anaweza kusema: hiyo ni kosa la shefu mmoja usiku mmoja. Sivyo. Jambo hilo linaweza kushika shirika zima, hata shirika kubwa la serikali lenye mainjenia wengi. Nitatoa mfano wa mbali, sababu unatufundisha sana.

Katika Uingereza, tangu mwaka 1947 mashimo ya makaa ya mawe yalikuwa mikononi mwa shirika la serikali lililoitwa National Coal Board. Shirika hilo lilikuwa na amri nyingi juu ya kazi ya chini ya ardhi: mbao za kushika paa, hewa, gesi, taa. Lakini juu ya milima ya takataka ya mgodi, ile inayomwagwa nje kila siku, mashefu hawakuwa na mpango wala ukumbusho ulio wazi. Kila mtu alifikiri kama takataka iko nje, haiui mtu.

Katika kijiji cha Aberfan, kule Wales, walianza mwaka 1958 kumwaga takataka juu ya mlima, mahali penye chemchemi za maji. Chini ya mlima kulikuwa na shule ya watoto wa wachimbaji. Mwaka 1963 watu wa halmashauri ya mji waliandika barua wakisema kama wana hofu juu ya takataka ile na shule. Barua zilifika, zilijibiwa, ziliwekwa. Hakuna aliyepanda mlima kuangalia vizuri na kusema: simamisheni.

Asubuhi ya tarehe 21 Oktoba 1966, wafanyakazi wa juu ya mlima waliona kama takataka imebonyea sana. Mahali pao hapakuwa na simu yenye kufanya kazi. Walimtuma mtu kwa miguu kwenda kumwambia shefu chini. Kiisha, saa 3 na robo ya asubuhi, mlima ulishuka. Watu 144 walikufa, na katika hao 116 walikuwa watoto.

Serikali iliweka baraza la uchunguzi. Mwaka 1967 baraza lilisema wazi kama kosa ni la shirika lile. Na lilieleza kama chanzo chake si roho mbaya. Watu hawakujua walichopasa kujua, na maneno hayakupita kutoka mtu mmoja hadi mwingine. Sheria juu ya milima ya takataka ilikuja mwaka 1969. Watoto walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Ninyi mnaokaa upande wetu hamna lazima ya kwenda Wales kusikia habari kama hizo. Vukeni Mokambo tu, mtafika Mufulira katika Zambia. Usiku wa tarehe 25 Septemba 1970, tope la takataka lililowekwa juu ya ardhi lilitoboka, likaingia mashimoni, likawafunika wachimbaji 89 wa posti ya usiku. Wengi katika miji yetu wana ndugu upande ule. Wazee wanakumbuka.

Ninasema habari hizo kwa sababu moja. Kule Aberfan karatasi zilikuwapo. Hatari ilikuwa imeandikwa. Kilichokosekana ni miguu ya shefu.

MAMBO MATANO YA KUMKUMBUSHA SHEFU

Basi shefu, soma mambo haya matano. Na wewe mfanyakazi, soma pamoja naye, sababu ni haki yako kujua shefu wako anaombwa nini.

1. Maneno ya mbele ya kazi. Dakika 5 zinatosha. Lakini usisimame ukisoma karatasi kama mwanafunzi, watu wakiangalia chini wakingoja umalize. Uliza maneno manne: Posti iliyopita ilituachia nini? Nini imebadilika tangu jana? Nani ni mgeni katika kazi hii? Nani hajisikii vizuri leo? Swali la nne ni zito. Mtu aliyefiwa, mtu asiyelala sababu mtoto anaumwa, mtu aliyekunywa lutuku usiku, wote watatu wanakuja na kaski kichwani sawasawa na wengine. Usimpeleke mtu kama huyo kwenye mashini. Mpe kazi nyingine au mrudishe nyumbani. Na yule wa lutuku usimfiche na usimtukane mbele ya wenzake. Kama anarudia, mpeleke kwa munganga na kwa watu wa huduma ya jamii mbele hajapoteza kazi yake na kidole chake pamoja.

2. Kwenda kuona. Nimekwisha kueleza. Sahihi ya mkono ije nyuma ya miguu. Kama huwezi kwenda, usitie sahihi, na kazi ingoje.

3. Vumbi na kelele. Hapa mashefu wengi wanasahau, sababu vumbi haliui leo. Vumbi la jiwe lenye silika linaingia katika mapafu na kubaki humo. Lile tunaloliona likiruka ni kubwa, linaanguka chini au linabaki puani. Lile la hatari ni dogo mno, macho hayalioni, linashuka hadi ndani kabisa. Kidogo kidogo mapafu yanafanya makovu, yanakuwa magumu, mtu anakosa pumzi kwa kupanda ngazi tu. Ugonjwa huo ni silikozi, na hauna dawa ya kuuponya. Tena unafungulia mlango kifua kikuu. Kwa hiyo shefu, maji kwenye mashini ya kutoboa si jambo la kupenda au kutopenda. Kutoboa jiwe kavu ni kuuza mapafu ya watu wako. Nyuma ya baruti, ngoja hewa isafishwe mbele ya kuingiza watu. Maske ni ya mwisho katika ulinzi, haichukui nafasi ya maji na hewa. Na siku ya picha ya mapafu, usiseme «leo kazi ni nyingi, utakwenda mwezi ujao». Picha inaonyesha ugonjwa mapema, mtu atolewe katika vumbi akiwa bado na nguvu.

Juu ya kelele, kuna kipimo kisichoomba chombo. Kama mtu yuko hatua moja mbele yako, na unalazimika kupaza sauti ili asikie, kelele hiyo inaharibu masikio. Waganga wanasema kama desibeli 85 kwa muda wa saa 8 kila siku ni kiasi ambapo lazima kulinda masikio. Sikio lililokufa halirudi. Na mtu asiyesikia king'ora ni mtu aliye hatarini mara mbili.

4. Komite ya usalama. Sheria ya Kazi ya nchi yetu, ile ya tarehe 16 Oktoba 2002, inataka komite ya usalama, afya na kupamba mahali pa kazi. Mwaka 2008 waziri aliweka amri inayoeleza namna komite hiyo inatumika. Maana yake ni kama komite si zawadi ya wakubwa, wala si mkutano wa kunywa soda. Shefu, wakati delege anakuja kukuambia kama ngazi imevunjika, usimuulize nani alimtuma. Sheria ndiyo iliyomtuma. Andika neno lake, andika nani atatengeneza na siku gani, na siku hiyo ikifika kwenda kuona.

5. Kuandika ajali, na pia kuandika ile iliyotaka kuwa ajali. Jiwe lililoanguka mahali ambapo mtu alikuwa amesimama dakika moja mbele yake ni barua. Inakuambia kama kesho litaanguka juu ya kichwa. Ukicheka na kusema «Mungu yuko» bila kuandika, umetupa barua hiyo.

Juu ya ajali yenyewe, shefu ajue kama kuandika ni ugali wa familia. Kasi ya malipo ya hatari za kazi, ambayo wazee waliijua kwa jina la INSS tangu 1961 na leo inaitwa CNSS, inalipa juu ya ajali iliyotangazwa. Mchango wa hatari za kazi unatoka kwa mwajiri peke yake, hautolewi katika mshahara wako. Na ajali ya njiani, wakati mtu anakwenda kazini au anarudi nyumbani, nayo inahesabiwa. Lakini ajali isiyoandikwa ni kama haikutokea. Mwenzetu wa konvoyeri alipata malipo yake sababu ajali iliandikwa siku ile ile, pamoja na majina ya walioona. Hilo tu ndilo jambo nililofanya vizuri usiku ule.

«TUTAPOTEZA TANI»

Ninajua watakayosema mashefu wenzangu. Watasema: wakubwa wanaomba tani, hawaombi mazungumzo. Watasema: ukimpa mfanyakazi ruhusa ya kusimamisha kazi, kila siku atapata sababu ya kukaa.

Juu ya neno la kwanza, tufanye hesabu. Dakika 5 kila siku, kwa siku 6, ni nusu saa katika juma. Usiku ule mimi nilitaka kuokoa robo saa. Konvoyeri ilisimama hadi uchunguzi ulipokwisha. Ekipi ilitumika kwa woga miezi mingi. Tulipoteza fundi ambaye tulimfundisha kwa miaka. Niambieni basi, nani alipoteza tani?

Juu ya neno la pili, ni kweli kama mvivu yuko katika kila ekipi. Lakini mvivu hana lazima ya sababu ya usalama; anapata nyingine. Katika miaka yangu yote ya kazi, watu walioniambia «shefu, mahali hapa si pazuri» walikuwa mara nyingi wafanyakazi bora. Mvivu hakuona hatari sababu hakuangalia kazi.

Kuna jambo lingine ambalo ninapenda kuwaambia wakubwa kwa heshima. Mnatundika mlangoni kibao cha kuhesabu siku bila ajali, na shefu mwenye siku nyingi anapata sifa. Wazo ni zuri. Lakini angalieni matunda yake. Nimeona mtu mwenye kidole kilichovunjika akiambiwa aje akae ofisini, asiende hospitali, ili hesabu ya kibao isirudi sifuri. Shefu asiyeandika kitu hata kimoja katika mwaka mzima, ama ekipi yake ni ya malaika, ama anaficha. Mimi sijapata kuona malaika wamevaa bote.

Kwa hiyo ninaomba mambo matatu. Kwanza, karatasi ya ukumbusho wa mashefu itundikwe pia mlangoni, kwa Kiswahili, si kwa Kifaransa tu, ili kila mfanyakazi na kila delege aisome. Ukumbusho unaosomwa na shefu peke yake ni rahisi kusahau. Ule unaosomwa na ekipi nzima una macho mengi. Pili, wakati wa kumpima shefu kwa kumpandisha cheo, wasihesabu ajali zisizoandikwa tu. Wahesabu pia hatari ngapi alizoziandika na ngapi alizozitengeneza. Tatu, ndani ya kaye, pembeni ya sahihi, pawe na jina la mfanyakazi mmoja aliyekwenda pamoja na shefu kuona. Watu wawili wakienda, uongo unakuwa mgumu.

KWAKO MFANYAKAZI

Usiseme sasa: ni kazi ya shefu, mimi nitangoja. Mkono ni wako. Ufunguo wa kufuli ukae mfukoni mwako wewe unayeingia katika mashini. Mtu akikuambia «nimekufungia», mshukuru, kiisha nenda ukavute kufuli kwa mkono wako mwenyewe. Si kumdharau. Hata yeye siku moja atataka wewe ufanye vile kwa ajili yake.

Na kama unaogopa kumuuliza shefu, kuna namna ya kuuliza bila kukosa heshima. Usiseme «Shefu, unanidanganya.» Sema: «Shefu, twende pamoja tuone.» Shefu mwema atasimama. Shefu mwenye haraka atakasirika kidogo, lakini atakwenda, sababu neno hilo limesikiwa na wengine. Na kama anakataa kabisa, mwite delege mbele ya kuanza kazi, si nyuma ya ajali.

Tena usimcheke mwenzako anayevaa maske na vitu vya masikio. Kijana anayeingia kazini anaangalia wazee wanafanya nini. Mzee akitoboa jiwe kavu, kijana atafikiri kama ndiyo namna ya wanaume.

KWAKO MAMA

Mama, wewe huingii mgodini, lakini usalama unaanzia nyumbani mwako. Mume wa posti ya usiku anapaswa kulala mchana. Funga pazia, watoto wacheze kwa jirani, wageni wangoje. Usingizi wake ni ulinzi sawa na kaski. Nguo za kazi usizikung'ute ndani ya nyumba wala karibu na watoto. Vumbi la mgodi liko ndani yake. Zilowanishe na maji kwanza, kiisha fua. Na kama mume anakohoa miezi na miezi, au anapunguka mwili, au anaongeza sauti ya radio kila juma, usingoje. Mwambie aende kwa munganga, na aseme kazi anayofanya.

Na wakati anarudi nyumbani, usiulize mshahara peke yake. Muulize: leo mlizungumza mbele ya kazi? Shefu alisema nini? Kama mume ni shefu, muulize sana zaidi. Mimi mke wangu hakuniuliza, sababu sikumfundisha kuuliza. Aliyeniuliza alikuwa mke wa mwenzangu, na alikuja kuniuliza mlangoni pa hospitali.

Mashefu, ndugu zangu, kalamu ni nyepesi na kufuli ni zito. Kesho asubuhi, mbele ya kufungua kaye, vaeni bote, shukeni, mkaangalie. Kiisha rudini mtie sahihi. Na siku mama mmoja akiwauliza kama mlikwenda kuona, mumpe jibu ambalo mimi nilikosa.

KWENDA KUONA KWANZA, SAHIHI NYUMA!